Ukungu Uliorudi Bafuni

Lilikuwa limerudi. Mke wa dereva aliinama chini ya bomba la kuogea, shingo imepinda, akalitazama doa lile kwenye pembe ya juu, pale vigae vinapokoma na dari kuanza. Jumamosi alikuwa amelisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na vigae vikang'aa kama sahani za wageni. Sasa limekaa palepale, jeusi, lina vinyweleo vidogo kama mgongo wa mdudu nondo. Tena lilikuwa limezaa. Vidoti vimeshuka kwenye mstari wa saruji nyeupe kati ya kigae na kigae, vikifuatana kama sisimizi.

Alisogeza pua karibu. Kulikuwa na harufu chachu, nyembamba, inayokuja na kupotea. Hiyo ndiyo iliyomtia hofu kuliko weusi wenyewe. Alikuwa amesikia kwamba ukungu hunuka kama udongo mbichi, lakini huu wa kwake ulinuka kama kitu kinachochacha ndani ya ukuta. Pua yake hakuiamini sana, maana alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dobi, kutwa nzima katikati ya mvuke na sabuni, na jioni hata kitunguu kikiungua alikiona kwa macho kabla hajakinusa. Kwa hiyo alijiambia kwamba kama yeye anausikia uchachu kidogo hivi, basi ulivyo hasa ni mkali.

Chumba cha pili mama mkwe alikohoa. Kikohozi chake kilianza chini kabisa, kikapanda kwa shida kama mtu anayepanda ngazi na gunia, kisha kikaishia kwenye mluzi. Mke wa dereva alisimama na brashi mkononi, akausikiliza mluzi ule mpaka ukaisha. Yeye mwenyewe alikuwa amezuia pumzi.

Mama huyo alikuwa amepikia shule ya bweni nusu ya maisha yake, na moshi wa majiko ya kuni ulikuwa umemlia kifua. Alipotoka hospitali mara ya mwisho, mwanawe dereva alimleta hapa kwake. Daktari alikuwa amesema mbele yao wote watatu, kwa sauti ya kawaida tu, "Kifua hiki hakina akiba tena. Akipata shambulio jingine kama lile, siwezi kuwaahidi kitu." Kisha akauliza kama nyumbani kuna unyevu au ukungu. Dereva alijibu haraka kwamba hakuna. Hakuwa anasema uongo. Bafu kwake lilikuwa mahali pa kuimbia, na mtu anayeimba hufumba macho.

Mkewe ndiye aliyejua, na akanyamaza. Angesema nini? Mama alioga maji ya moto, polepole, mlango umefungwa, mvuke umejaa mpaka vioo vinatoka machozi. Mvuke ulimlegezea kifua. Kumwambia kuhusu ukungu ni kumwambia kwamba kuoga kwake ndiko kunakoozesha nyumba, na mzee wa watu angeanza kuoga kwa kikombe ili asimsumbue mtu. Kwa hiyo alisafisha kwa siri mama akilala, akaficha brashi nyuma ya pipa la maji, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua kidirisha cha bafuni ili hewa ipite.

Na kila aliporudi alikikuta kimefungwa.

"Mama, umefunga dirisha la bafu?" aliwahi kuuliza.

"Dirisha gani tena, mwanangu? Labda upepo."

Upepo hauna mkono wa kuzungusha kitasa. Lakini hakubisha, kwa sababu mkwe hambishii mama mkwe juu ya kitasa. Alibaki na woga wake. Ama mama ameanza kusahau anayoyafanya, ama kuna jambo ndani ya nyumba hii ambalo yeye halioni.

Siku hiyo hiyo wifi yake alipiga simu. Alikuwa dada mkubwa wa dereva, mwuza viatu, mwenye ulimi ambao hata wateja waliuogopa.

"Wifi yangu, nimeongea na mama asubuhi anakohoa kama trekta. Mnamlaza kisimani?"

"Anaendelea vizuri, wifi."

"Vizuri ya nani? Ya kwako au ya kwake?"

"Usiku analala."

"Hata maiti analala. Sikiliza, nakuja Jumapili. Nikimkuta bado anapiga mluzi, naondoka naye, na wewe ubaki na bafu lako la hoteli."

Mke wa dereva alicheka kidogo, kwa kuwa na wifi ndivyo inavyotakiwa, lakini simu ilipokatika alianza kupiga hesabu ya safari. Kwa wifi ni safari ya basi ya kutwa nzima, vumbi mwanzo mpaka mwisho. Kifua kisicho na akiba hakiwezi kufika huko. Na akibaki hapa, ukungu upo. Huku shimo, huku shimo, na katikati amesimama mama na khanga yake ya kuogea begani.

Kesho yake alimuuliza bosi wake. Watu wote walimwita Mzee Pasi, kwa sababu ya mkunjo wa suruali yake, ambao hata mvua haikuutoa.

"Mzee, ukungu unauawa na nini?"

"Inategemea uko wapi. Kwenye shuka au kwenye ndoa?"

"Kwenye ukuta wa bafu."

"Basi una nafuu." Alimmiminia klorini kwenye chupa ndogo kutoka kwenye dumu, akaifunga vizuri, akaacha kutania. "Hii haina rafiki isipokuwa maji. Usiitie kitu kingine, hata ukiambiwa ni sabuni ya kunukia. Maji tu. Na uache mlango wazi."

Alisikia yote, na yote alikusudia kuyafuata, ila lile la mwisho. Mlango wa bafu ulitazamana na mlango wa chumba cha mama. Akiuacha wazi, ukali wa klorini utavuka ukumbi na kuingia moja kwa moja kwenye kifua kile kile anachokipigania.

Alirudi mapema mchana. Mama alikuwa ameshaoga na kujilaza. Mlango wake umerudishwa, pumzi yake inasikika, inavuta na kupiga mluzi, inavuta na kupiga mluzi. Mke wa dereva alivua viatu, akaingia bafuni kwa kunyata, akateremsha komeo taratibu lisilie. Kidirisha kilikuwa kimefungwa tena. Alijaribu kitasa, kikakataa. Safari hii kilikuwa kimekazwa kwelikweli. Akasema moyoni kwamba kazi yenyewe ni ya dakika chache, atakifungua akimaliza.

Ukuta ulikuwa umelowa, matone yanateremka. Maji ya kuoga, alidhani. Alijifunga kitambaa puani, akavaa glavu za kazini, akapunguza klorini kwa maji kwenye ndoo kama alivyofundishwa, akachovya sponji. Kisha akajinyoosha, akaikandamiza kwenye pembe, juu ya doa lenyewe.

Ukuta ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayefyonza meno.

Aliendelea kusugua. Povu jembamba liliteremka kwenye mistari ya saruji. Pumzi ya kwanza iliyofuata haikuwa hewa. Ilikuwa kama amemeza pini. Macho yalifumba yenyewe, koo likakaba, na wazo lililomjia, upuuzi mtupu, ni kwamba ukungu umejibu. Umechoka kusuguliwa, sasa umetoka ukutani na kumshika shingo. Alirudi nyuma, kisigino kikagonga ndoo, ndoo ikapinduka, na klorini yote ikasambaa sakafuni. Sauti ile ya kufyonza meno ikatokea chini miguuni mwake, kubwa kuliko ya kwanza.

Alipapasa mlango, akalipata komeo. Kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kulisukuma aliposikia ndara zikiburuzwa ukumbini.

"Mwanangu? Ni wewe unayekohoa hivyo?"

Mkono wake uliganda juu ya chuma.

Akifungua, yote haya yaliyomo humu yatamwagika usoni kwa mama. Asipofungua, yeye ndiye atakayeyavuta. Alisimama pale, paji la uso limeegemea mbao, machozi yanamtiririka mpaka mdomoni.

"Mama, rudi. Toka nje."

"Fungua mlango."

"Kuna hewa mbaya. Usisimame hapo."

"Umemwaga nini humo?"

"Klorini." Alikohoa mpaka akainama. "Klorini na maji. Basi."

Mluzi wa mama hakuusikia tena, na hilo lilimtisha kuliko koo lake.

"Ukutani?" mama aliuliza.

"Ukutani."

"Ukuta huo una siki, mwanangu. Nimeupulizia mimi nilipomaliza kuoga. Nimeulowesha wote mpaka chini."

Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alielewa kama mtu anavyoelewa kwamba nyumba inaungua. Uchachu ule wote haukuwa wa ukungu. Ilikuwa siki, siku zote ilikuwa siki, na sasa amemwagia klorini juu yake. Alivuta taulo kwenye msumari, akapiga magoti, akaisokomeza kwenye upenyo wa chini ya mlango ili hewa isipite kwenda kwa mama. Alipoinuka kichwa kilizunguka.

Kitasa cha mlango kilitikisika.

"Fungua, au nauvunja."

"Kwa mikono hiyo, mama?"

"Nilikuwa nageuza sufuria la watoto mia kwa mikono hii. Fungua."

"Ukiuvunja nitakuwa nimekuua mimi." Sauti yake ilikuwa imebaki nyuzi tu. "Nakuomba. Nenda kwa jirani, kwa Fundi. Ukifika, niite. Nikisikia sauti yako kutoka kule, nafungua."

"Na kama huna sauti ya kuitikia?"

Alifungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga ukuta na sakafu, akayaelekeza kwenye povu lianze kwenda na maji. Ndoo aliigeuza chini juu, akapanda, akashika brashi kwa nywele zake na kugonga kioo kwa mpini. Mara ya kwanza kiligoma. Mara ya pili kikapasuka, kipande kikaanguka nje, na hewa ya uani ikaingia, ya joto, yenye harufu ya vumbi, tamu kama chakula. Aliweka mdomo kwenye tundu bila kujali ncha za kioo.

Alipofumbua jicho moja, alimwona mama uani. Alikuwa ametoka kweli kama alivyoagizwa, lakini hakuwa ameelekea kwa jirani. Alikuwa anakuja dirishani, khanga inaburuzika, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika kifua. Anakuja moja kwa moja kwenye tundu ambalo ule moshi usioonekana ulikuwa umeanza kulitumia kutoka.

"Siyo hapa," alijaribu kupaza sauti. "Mama, siyo hapa. Inatoka hapa."

Mama alisimama. Walitazamana kupitia kioo kilichovunjika. Alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama mkwe ukiwa mtupu namna ile, bila staha, bila ule utulivu wa mtu mzima. Kulikuwa na hofu tu.

"Niahidi utafungua."

"Naahidi."

Mama aligeuka. Alikwenda hatua, akapumzika, akaenda tena. Mke wa dereva alihesabu kila pumziko kwa kucha zilizokwama kwenye fremu, akiomba asidondoke. Mama alipotea kwenye kona ya ukuta. Maji yalizidi kupiga. Kisha, kutoka mbali, sauti iliyokwaruza ikaita, "Mwanangu! Niko hapa!"

Alijaza kifua kwa hewa ya tundu, akashuka, akafungua komeo, akakimbia ukumbini macho yamefumba, akipapasa ukuta anaoujua, mpaka jua likampiga usoni. Alianguka kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akatapika.

Alipoinua kichwa, mama alikuwa amekaa juu ya tofali mlangoni kwa Fundi, jirani yao anayetengeneza mabomba, na Fundi mwenyewe amepiga magoti mbele yake, mikono hewani, hajui ashike wapi. Mluzi ulisikika mpaka barabarani. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Pampu yake iko wapi?" Fundi aliuliza.

Pampu ya pumu ilikuwa chumbani, juu ya kistuli kando ya kitanda. Chumba kinachotazamana na bafu.

"Niende mimi," alisema Fundi.

"Hujui ilipo."

Hakungoja. Alivuta pumzi, akaingia tena mbio. Ukumbini hewa ilimchoma macho, lakini alikuwa ameshaamua kwamba hayahitaji. Mlango, kitanda, kistuli. Mkono uliangusha glasi, ukagusa miwani, ukagusa kitabu, ukagusa kila kitu isipokuwa pampu. Kifua kilianza kumdai. Akapiga magoti, akapapasa sakafuni, akaipata chini ya kitanda karibu na chupa ya kupulizia iliyokuwa imefichwa huko, nusu imejaa siki. Akatoka nayo hewa imemwishia.

Alimshikilia mama kidevu mwenyewe. "Vuta, mama. Sasa. Tena." Fundi akaishikilia mikono yake kwa chini, kama mtu anavyoshika ngazi mwenzake akipanda.

Midomo ilichukua muda kurudi rangi yake.

Hospitali waliwaweka kwenye vitanda viwili vinavyotazamana, kila mmoja na barakoa ya hewa. Muuguzi alisikiliza vifua, akasikiliza habari, akatikisa kichwa, akasema wamewahi, na kwamba watalala hapo wachunguzwe, na kwamba sasa wasiongee. Alipotoka tu, mama akainua barakoa yake.

"Nilikuwa nakusikia ukisugua," alisema. "Unadhani nalala kumbe nakusikia. Nikajua ni maji yangu ya moto."

"Weka barakoa, mama."

"Jikoni shuleni siki ilikuwa inaua kila kitu. Nikasema nitamsaidia bila kumwaibisha. Mama mkwe akishika brashi kwenye nyumba ya mkwewe, si ni kama amemwambia mchafu? Na hilo dirisha nilifunga kwa sababu ya baridi, mwili ukiwa bado umelowa. Kisha nikaona haya kusema."

"Na mimi nilificha nisikuudhi."

"Heshima yetu ingetuzika," alisema mama, akarudisha barakoa.

Waliporudi nyumbani, Fundi alikata silikoni yote ya kuzibia iliyokuwa imepasuka kwenye pembe, akawaonyesha jinsi maji yalivyokuwa yanajipenyeza nyuma ya vigae na kukaa humo. Ndiyo maana hakuna lililosaidia juu juu. Aliacha pembe ikauke wazi, akatia silikoni mpya, akatoboa ukuta na kuweka kifeni cha kuvuta mvuke. Mzee Pasi alirudishiwa chupa yake na klorini iliyobaki, imefungwa vizuri. Mama alikubali kidirisha kibaki wazi, alimradi aoge sweta likimngoja mlangoni, na akimaliza yeye mwenyewe alivuta maji ukutani kwa kipande cha mpira mpaka vigae vikakauka. Wifi alipokuja Jumapili alisikia yote, akaenda kukikagua kifeni bafuni, wala hakutaja tena kuondoka na mama.

Lakini wiki iliyofuata kulikuwa na vidoti vichache vilivyosalia kwenye saruji, vya kumalizia. Mke wa dereva alichukua siki, peke yake, na brashi. Mlango wazi, kidirisha wazi, kifeni kinanguruma. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti uani, mbali na bafu, amejifunika, na walikuwa wamekubaliana kuongea.

"Nashika siki, mama. Siki tu."

"Shika."

"Napulizia pembe."

"Pulizia, nakusikia."

"Naiacha ikae kwanza ndipo nisugue."

"Iache. Usiwe na haraka kama mume wako na gari."

Alicheka. Alisubiri siki ifanye kazi yake, akachukua brashi, akaanza kusugua mstari wa kwanza. "Nasugua sasa," alisema. Hakuna aliyejibu. "Mama, nasugua."

Kifeni kilinguruma. Maji yalidondoka. Alitupa brashi.

Alikimbilia uani na glavu zake mkononi, na mama alikuwa kitini, kichwa kimeegemea upande, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Hakumgusa. Hakuthubutu. Alichuchumaa mbele yake, akaukazia macho mkunjo wa khanga pale kifuani, akangoja.

Mkunjo ukapanda.

Ukashuka. Mama alikuwa amesinzia tu, lakini yeye akangoja mkunjo upande tena.